Nukta ya Mina

Mama Ayikoru alileta kazi ya kadi za harusi,
mia moja na hamsini, karatasi ya krimu.
Mwanawe Drani ni nesi huko Kanada,
mahali ambapo hata kitasa cha gari huganda.
Anaoa binti wa Kikrii. Bibi yake binti ametoa sharti moja:
jina la mjukuu liandikwe kwa maandishi ya kwao.

Nikafungua faili.
Mahali pa jina palikuwa na visanduku viwili vitupu,
kama nyumba ambazo fundi kasahau milango.
Mama akavaa miwani. "Ndivyo anavyoitwa?"
Nikasema ndiyo. Hapana. Subiri kidogo.
Duka langu liko nyuma ya soko la Arua,
kompyuta niliinunua kwa shirika lililofunga ofisi;
inajua Kiingereza, inajua Kiarabu cha jirani yangu Mnubi,
na Kilugbara inakijua nusu, kama mkwe mgeni.

Tukampigia Drani. Huku saa tatu asubuhi, kwake usiku wa manane.
Simu ikapokelewa na mwanamke,
akanitajia polepole, kama anayesoma namba ya mita ya umeme:
moja, nne, A, sita.
Kisha: moja, nne, C, saba.
Kumbe kila herufi duniani ina namba ya nyumba,
hata ile ambayo hapa Arua
hakuna aliyewahi kuibishia hodi.
Nikaandika. Visanduku vilevile.
Namba ilikuwepo. Sura ndiyo haikuwepo.

Nikanunua bando la elfu mbili, nikapakua fonti
huku umeme ukipepesa jicho,
na saa sita kasoro herufi ikainuka:

ᒦ

Kona ya fremu ya mlango, na juu yake nukta.

Mina akanieleza kwa ujumbe:
ukiigeuza kona, irabu nayo inageuka.
Ikitazama huku ni mi, ukiipindua ni ma,
huku me, huku mo.
Nikacheka peke yangu. Darasa la kwanza, Mvara,
ma me mi mo mu, fimbo ikigonga ubao,
na kumbe mbali huko kuna watoto
waliojifunza kwa umbo moja tu,
wakilizungusha kama ufunguo.
Mu hawana. Sikuuliza kwa nini.

Nikachapa kadi ya mfano. Mama akaipeleka mwangani,
akalowesha kidole mate, akaikwangua nukta.
"Wino wako umedondoka."
"Mama, usi..." Ilikwisha.
"Huo si uchafu. Hiyo inaivuta i.
Kwao jina hilo ni tena.
Alizaliwa baada ya dada yake kufa. Bila nukta..."
Nikanyamaza, maana bila nukta sijui ni nini.

Mama akakalia boksi la karatasi.
Mimi naitwa Candiru, yaani taabu;
nilipewa mwaka mama yangu alipozika wawili.
Hakuna haja ya kunifafanulia majina ya namna hiyo.
Na kwetu dri ni kichwa, dri ni mkono,
sauti ndiyo inayochagua, karatasi haisemi kitu.
Sisi nukta hatukuweka. Tulidhani msomaji atajua.

"Tena," alisema Mama, kama anayeonja chumvi.
"Na mimi wangu nilimpa jina lenye kifo ndani yake."
Akafikiri.
"Kwa hiyo Kifo anamwoa Tena."
Akacheka mpaka miwani ikaanguka.

Wino ulianza kufifia kwenye kadi ya sabini,
kona zikatoka, nukta zikagoma,
halafu umeme ukaenda zake.
Tukakaa mlangoni na kalamu mbili nyeusi,
tukazitia kwa mkono, kadi baada ya kadi;
nyingine iliangukia pembeni, nyingine ikavuja.
Ile aliyoikwangua aliitaka mwenyewe.
Akaitia nukta yake taratibu, ulimi nje,
kubwa mno,
kama punje ya ulezi.